Picha ya bwawa na jedwali la kituo: zinapogombana

Kupata picha ya setilaiti siku hizi si kazi. Za Sentinel-2 na Landsat ni za bure, QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo ni ya bure, na intaneti isipokusumbua utakuwa na ramani ya maji ya mkoa mzima kabla ya saa sita mchana. Kazi iko kwenye kuioanisha ramani hiyo na takwimu za ardhini: mvua, vina vya mito, mipaka ya vidakio (maeneo yanayokusanyia mto au bwawa maji ya mvua). Hapo namba huharibika kimyakimya, na programu hailalamiki hata kidogo.

Tuanze na maji yenyewe. Fahirisi ya NDWI, namba inayotofautisha maji na nchi kavu, huchukua bendi (tabaka la aina moja ya mwanga) ya kijani (B3), huipunguzia bendi ya infraredi ya karibu (B8), kisha hugawanya kwa jumla ya hizo mbili. Maji humeza infraredi, ndiyo maana hupata thamani ya juu kuliko udongo na majani. Penye mapaa mengi tumia B11, bendi nyingine ya infraredi, badala ya B8, kwa sababu mapaa hupenda kujifanya maji. B11 ina pikseli (vitone vya picha) za mita 20, B3 za mita 10, basi zifanye ziwe na ukubwa mmoja kabla ya hesabu.

Sasa mtego. Picha za Sentinel-2 zilizochakatwa kwa toleo 04.00 la programu ya uchakataji na yaliyofuata, lililoanza Januari 2022, zimeongezewa 1000 kwenye kila thamani. Chukua pikseli ya maji ya tope: B3 halisi ni 600, B8 ni 300. NDWI yake ni 300 kwa 900, yaani 0.33. Usipoondoa ile 1000 utakuwa na 1600 na 1300, na jibu ni 300 kwa 2900, yaani 0.10. Kama kizingiti chako, yaani thamani ambayo juu yake unahesabu kuwa ni maji, ni 0.2, bwawa limetoweka. Ukipanga miaka kumi ya picha kwenye grafu, utaona ukame mkali ulioanza mwezi ule ule toleo lilipobadilika! Usiamini tarehe ya picha peke yake, kwa maana picha za zamani nazo zimechakatwa upya, na baadhi ya hifadhi za mtandaoni huiondoa 1000 hiyo kabla hujapakua. Soma faili la maelezo linalokuja na picha.

Mawingu yanajulikana, kivuli cha wingu ndicho msumbufu, kwani kwenye NDWI hufanana sana na maji. Tabaka la SCL, linaloainisha kila pikseli na linalokuja na picha za kiwango cha L2A (zilizosahihishwa athari za angahewa), hukionyesha kwa namba 3, mawingu kwa 8 na 9, na mawingu membamba ya juu kwa 10. Pikseli ulizozifuta ziandike kuwa hazijulikani. Ukiziacha zihesabiwe kuwa nchi kavu, ziwa litapungua kila msimu wa mvua, jambo ambalo mwenye ng'ombe yeyote angekucheka. Mawingu yakikaa wiki nzima, hamia rada ya Sentinel-1: maji tulivu huonekana meusi. Ila upepo ukivuruga uso wa maji weusi huo hupotea, hasa kwenye VV (mawimbi yanayotumwa na kupokewa wima), na mchanga mkavu nao huonekana mweusi.

Eneo lisipimwe kwenye EPSG:4326, mfumo wa latitudo na longitudo, utapata digrii za mraba. Mkoa ukiangukia kanda mbili za UTM (mfumo wa ramani wa mita uliogawanywa kwa kanda), tumia projeksheni, yaani njia ya kuilaza dunia kwenye ramani bapa, inayotunza eneo. Na usijidanganye kwa mabwawa madogo: la hekta 1 lenye umbo la mraba lina pikseli 100, na 36 kati yake ziko ukingoni, nusu maji nusu tope. Kwa bwawa kama hilo mimi nisingeripoti asilimia ya kupungua kutoka picha moja hadi nyingine.

Upande wa mvua, CHIRPS, makadirio ya mvua yatokanayo na setilaiti na vituo, ina pikseli za digrii 0.05, karibu kilomita 5.5 kila upande penye ikweta. Kidakio cha kilomita za mraba 20 hakifiki hata pikseli moja. Programu nyingine hukirudishia tupu. Penye pengo faili huwa na -9999, na usipoitambulisha kuwa ni pengo, wastani wa mvua utakuwa chini ya sifuri. Hilo angalau huonekana haraka. Lisiloonekana ni siku: kipima mvua kinachosomwa saa tatu asubuhi kimebeba mvua iliyoanguka zaidi jana yake, wakati setilaiti huhesabu siku kwa saa za UTC (saa ya kimataifa). Linganisha jumla za siku kumi, achana na siku moja moja.

Jedwali la vituo lifungue kwa safu ya msimbo kuwa maandishi. Programu za lahajedwali hula sifuri za mwanzo, 0047 inakuwa 47, na kituo kinakosa mwenzake kwenye ramani. Vituo vyote vikiangukia baharini, longitudo na latitudo zimepishana.

Hayo yote yakikaa sawa, ujazo hupatikana kwa hesabu fupi. Bwawa likishuka kutoka kilomita za mraba 4.2 hadi 3.6, na kipimo cha kina kwenye ukuta wa bwawa kikionyesha mita 1.5 pungufu, wastani wa eneo ni 3.9, nawe umepoteza takribani mita za ujazo milioni 5.85. Picha na kipimo viwe vya siku moja, au zisizidi mbili.