Siku moja ya msanifu majengo: nyumba ya Mediterania kwenye majabali ya Luchelele

Saa 1:00 asubuhi ninafika kiwanjani Luchelele, Mwanza, kwa sababu usiku imenyesha mvua ya radi kutoka Ziwa Victoria, na mvua ya aina hiyo ndiyo inayonionyesha maji yanapita wapi kwenye mteremko huu. Fundi mkuu ananisalimu kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, tunafuata njia za maji kwa miguu, kisha tunapima upya umbali kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mita hizo ndizo zinazoisukuma nyumba juu, kwenye majabali. Mawili makubwa nimeamua yabaki mahali pake, maana kuyapasua ni gharama, nayo yatafaa kuwa kingo za bustani.

Wenye nyumba ni mume na mke wenye watoto watatu, ambao wataishi na mama mzazi wa mume. Wanataka nyumba ya kisasa ya mtindo wa nchi za Bahari ya Mediterania, yenye kuta nyeupe, matao, vigae vyekundu na ua wa ndani. Mwanza ina Capri Point yake, jina linalokumbusha kisiwa cha Italia, na nyumba zenye matao si ngeni mjini. Ila matao mengi ninayoyaona yamebandikwa mbele ya ukuta kama kilemba cha harusi, hayampi mtu kivuli wala pa kukaa. Kwangu mimi, tao lisilokuwa na varanda yenye kina nyuma yake ni saruji iliyopotea.

Saa 3:30 niko ofisini, na asubuhi yote inamezwa na ua wa ndani. Katika nyumba za Warumi, kama zile za Pompeii zilizofukiwa na volkano mwaka 79, paa liliinamia ndani, maji yakaangukia birika la kina kifupi katikati ya ukumbi, kisha yakashuka kwenye tangi la chini ya ardhi. Mke ameniomba kidimbwi cha mapambo mahali hapo, lakini katika Kanda ya Ziwa maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu, kwa hiyo ninachora tangi lililofunikwa, na juu yake kokoto zinazopitisha maji. Hesabu yenyewe ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ua wa mita 5 kwa 6 pamoja na mita 120 za mraba za paa linaloinamia ndani vitapokea lita 7,500 katika mvua ya milimita 50. Tangi litakuwa la lita 20,000, pamoja na bomba pana la kutolea maji ya ziada kuelekea bondeni, kwani bomba hilo likiziba, maji yataishia sebuleni.

Chakula cha mchana ni ugali na sato, kwa haraka.

Saa 8:00 familia inafika. Namwamkia mama mzee shikamoo, anaitikia, anautazama mchoro kwa muda, kisha anauliza, "Mwanangu, mvua ikinyesha usiku nitapitaje kwenda jikoni?" Hakuna aliyeuliza swali bora kuliko hilo. Ninamwonyesha ujia wenye paa unaouzunguka ua pande zote nne, kama ulivyo Uwanja wa Simba katika kasri la Alhambra, Granada, uliojengwa karne ya 14. Kwetu pande zote nne zina sababu nyingine pia: kule jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima, ilhali sisi, tulio takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, linatujia kutoka kaskazini mwezi Juni na kutoka kusini mwezi Desemba.

Mabishano yanakuja kwenye paa. Vigae vya udongo vina uzito wa kilo 40 hivi kwa mita ya mraba, wakati bati halifiki kilo 10, na kenchi za kubeba vigae zinahitaji mbao nyingi zaidi. Ninapendekeza bati lenye umbo la kigae, mwinuko mkali kuliko wa mapaa ya Mediterania, na paa lizidi ukuta kwa sentimita 90, kwa kuwa ukuta mweupe unaopigwa na mvua zetu huota ukungu. Sentimita 60 za chini zitakuwa mawe ya hapa hapa, ili matope yanayoruka yasichafue chokaa. Mume anakubali papo hapo. Mke anaomba muda wa kufikiri.

Saa 11:00 jioni ninarudi kiwanjani peke yangu kulitazama jua. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo mandhari wanayoitaka na joto wasilolitaka vinatoka upande mmoja. Varanda ya mita 2.5 italizuia jua la saa tisa, lakini la sasa linapenya chini ya tao lolote na kumulika kutoka majini. Watu wa Mediterania hufunga madirisha kwa luva za mbao; nami nitaziweka za kuteleza, zenye wavu nyuma yake kwa ajili ya mbu na wadudu wa ziwani wanaofuata taa.

Saa 1:30 usiku mke anatuma ujumbe: amekubali bati, mradi rangi yake iwe ya udongo uliochomwa na matao ya upande wa ziwa yawe matano badala ya matatu. Matano yataingia iwapo nguzo zitapunguzwa unene, jambo ambalo kesho nitamuuliza mhandisi wa miundo kabla mchoro haujaenda halmashauri kuombewa kibali.