Hutoka na Tumbo Tupu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Upepo wa kusi umevuma wiki nzima, vyombo vimelala Mikindani, na barazani neno ni moja: rizki ni ya Mungu, tungoje. Ni yake, kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) alipotufundisha kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, alitutajia ndege, na ndege yule hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni ameshiba. Hutoka!

Mtazameni membe, ndege wa baharini, nje ya Msimbati. Si ndege wa kuzamia. Akijitupa majini hafiki mbali, na dagaa wa chini hawapati. Anayempandishia ni jodari, awindaye kutoka chini akiwasukuma dagaa juu. Membe hana amri juu ya jodari. Lake ni kuwapo pale: anaelekea upepo, anasimama hewani akiinamia maji, anakunja mbawa, anashuka. Mara nyingi huibuka mdomo mtupu, akapanda tena. Surat Al-Mulk imeshatuambia ni nani anayewashikilia huko juu, wakikunjua mbawa na kuzikunja.

Wavuvi wanamsoma. Membe wakipita juu kwa mstari, wanasafiri, usiwafuate. Wakizunguka chini na kupiga maji pamoja, samaki yupo. Basi usilikate kundi katikati: punguza mashine, zungukia pembeni, kokota mshipi ukingoni. Ukikatiza, dagaa hutawanyika, jodari huzama, ndege huondoka, na wenzako nao umewakosesha.

Sasa niseme wazi, maana wengine tunaswali nao safu moja. Arushaye baruti majini kuua samaki ameacha kutawakali, hata awe na alama ya sijda usoni. Membe huondoka na kisamaki kimoja mdomoni, kesho akatoka tena, kwa kuwa kesho nayo ina Mola wake. Wewe unaitaka ya kesho leo. Mshindo hupasua kibofu cha hewa tumboni mwa samaki. Wengi huzama, huwaokoti, wanaoza chini. Matumbawe yanavunjika, samaki wachanga wanakosa pa kujificha, na hao nao jodari huwafuata, na membe anamfuata jodari, na mzee mwenye mshipi anamfuata membe. Mmoja anawasha tambi ya baruti, wanne wanalala njaa. Kisha Ijumaa tunainua mikono kuomba rizki!

Kijana mwenye tambi na chupa za baruti nyumbani, Ijumaa isikukute nazo. Mwendee mzee wa pwani unayemwamini, mkazisalimishe pamoja. Upepo ukitulia, mwombe nafasi chomboni mwake.