Ini likishindwa ghafla, nenda ukaangalie ghala

Mgonjwa analetwa macho yamekuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo limeanza kujaa maji. Juzi alikuwa anatapika tu, leo anawaita wanawe kwa majina ya watu wengine. Hajawahi kuugua ini. Ukipima kuganda kwa damu na kipimo chake, INR, kikawa 1.5 au zaidi, huku akili inayumba, basi ini limeshindwa ghafla na hakuna muda wa kupoteza.

Wengi wetu hukimbilia virusi: homa ya ini A, B, E. Vipimwe, ndiyo. Dawa za kifua kikuu na panadol zilizozidi nazo ziulizwe, tena mapema, maana sumu ya panadol ina dawa yake. Ila kama mavuno yalinyeshewa, shuku sumukuvu, yaani sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka, na kuna maswali mawili yasiyotakiwa kusubiri majibu ya maabara: mnakula mahindi ya wapi, na nani mwingine nyumbani anaumwa? Uliza na mbwa. Machakos, Kenya, mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa, na mbwa wa maeneo hayo walikuwa wanakufa pia. Virusi vya homa ya ini havigongi watu na mbwa pamoja namna hiyo. Sumukuvu inaweza kumgonga yeyote anayekula kutoka gunia moja.

Mwaka 2004 yakarudi kwa ukubwa mwingine, Makueni, Kitui na wilaya jirani: wagonjwa 317, vifo 125. Mahindi yalikuwa yamevunwa na unyevu, yakarundikwa ndani ya nyumba. Katika sampuli 350 zilizochukuliwa sokoni, asilimia 55 zilivuka maikrogramu 20 za sumukuvu kwa kilo, na asilimia 7 zilivuka 1,000. Sampuli za kwanza za mahindi ya eneo hilo zilifika 4,400. Mtu mzima anayekula gramu 400 za unga kwa siku anameza hapo maikrogramu 1,760. Unga ulio kwenye kikomo kinachoruhusiwa cha 10 ungempa 4. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20.

Sumu yenyewe, aflatoksini B1, inaingia mwilini ikiwa bado haijawa kali. Ini ndilo linaloinoa. Vimeng'enya vyake, vilevile vinavyovunja dawa, huigeuza kuwa epoksidi, kitu kinachong'ang'ania chochote kilicho karibu. Kikiwa kidogo, glutathioni, kinga ya seli dhidi ya sumu, hukidaka na kukitoa. Kikizidi, hujibandika kwenye DNA na protini za seli, na utengenezaji wa protini unakwama. Ndiyo maana kuganda kwa damu huharibika mapema: kigezo cha 7, protini ya ini inayogandisha damu, hudumu saa chache tu, kisipotengenezwa upya kinaisha. Albumini, protini nyingine ya ini, hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo ikiwa ya kawaida siku ya pili isikutulize. Baadaye amonia inapanda na ubongo unavimba, na sukari inashuka kwa sababu akiba ya ini imekwisha. Mgonjwa aliyelala fofofo huenda ana sukari ya chini tu. Pima kila saa moja au mbili.

Homa ya ini B inazidisha hatari. Katika uchunguzi wa 2004 uliolinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasioumwa, asilimia 44 ya wagonjwa walikuwa na virusi hivyo, wasioumwa asilimia 7. Chakula kilekile, ini lililokwisha kuchoka.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo uchunguzi mwingi unaharibika, kwa sababu familia ikisikia neno sumu inamwaga mahindi kabla hamjafika. Nendeni siku hiyohiyo. Msichukue kiganja kimoja juu ya gunia: sumu haikusambaa sawasawa, punje moja iliyooza inaweza kubeba sumu ya sahani nzima, na punje mia jirani zikawa safi. Tumieni bambo, chuma cha kuchomea gunia na kutoa nafaka, mchome juu, katikati, chini na pembeni, magunia yote. Changanyeni, sageni sampuli yote, ndipo mgawe. Ifungwe kwenye mfuko wa karatasi; kwenye plastiki unyevu unabaki, kuvu inaendelea kuota, na maabara itasoma sumu iliyozaliwa njiani. Chukueni na unga uliopo jikoni. Damu itenganishwe, seramu igandishwe: sumu iliyojibandika kwenye albumini inaonyesha ulaji wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mkojo unaeleza siku moja au mbili tu.

Dawa ya kuondoa sumukuvu haipo. Chakula kile kikome mara moja, dripu ya glukosi, vitamini K, damu au plazima akivuja, laktulosi ya kushusha amonia. Dawa za usingizi zisiguswe.

Kupika hakusaidii, sumu hii inastahimili zaidi ya nyuzi 200, na ugali haufiki huko. Kukoboa kunapunguza, ila kilichotoka kimehamia kwenye pumba, na ng'ombe akila pumba hizo sumu inatoka kwenye maziwa. Kinga iko kwenye kukausha juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu wa asilimia 13. Asiye na kipimo atumie chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, punje zijae robo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani.

Na mnapochukua mahindi mabaya, leteni mengine siku hiyohiyo, kilo kwa kilo. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ililazimika kugawa chakula mbadala. Mama mwenye watoto watano hawezi kukaa na ghala tupu wiki nzima, atafukua mlichofukia.