Ubongo wa mbuzi kwa somo la mfumo wa fahamu: ninavyoutoa, ninavyoukaza na ninavyoukata

Mchoro wa kitabuni humfanya mwanafunzi aamini kwamba serebramu (ubongo mkubwa), serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma) na medula oblongata (sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo) ni vipande vitatu vilivyopangwa pamoja. Akiushika ubongo wenyewe mkononi, imani hiyo inaondoka papo hapo. Mimi hutumia wa mbuzi: unapatikana kila penye bucha, una karibu kila sehemu iliyomo kwenye ubongo wa binadamu, na mbuzi wetu huchinjwa kwa kisu shingoni, kwa hiyo kichwa hubaki salama. Ng'ombe aliyepigwa bastola ya machinjio kwenye paji la uso hafai, kwa sababu ubongo wake umetobolewa kwa mbele.

Kazi huharibika mapema, kabla hata kisu hakijagusa ubongo, na mara nyingi huharibikia buchani. Agiza kichwa siku moja kabla na useme wazi kwamba hutaki kipasuliwe. Wauza nyama wengi hukigawa kwa shoka kwa ajili ya supu, na shoka likishapita katikati, sehemu zote za maana za mstari wa kati zimekwisha. Chagua mbuzi mdogo au asiye na pembe, aliyekaguliwa na nyama yake kugongwa mhuri. Mbuzi aliyekufa mwenyewe, au aliyekuwa akiyumba na kutokwa mate, usimguse kabisa. Kichaa cha mbwa humpata mbuzi pia, na virusi vyake hujaa kwenye ubongo. Kichwa cha mbwa hakiingii darasani kwa sababu yoyote ile. Ukishakipata kichwa, kiweke juu ya barafu na ukifanyie kazi siku hiyo hiyo, maana kwenye joto ubongo hulegea ndani ya saa chache. Usikigandishe kwenye friza: chembe za barafu huchana seli, na ukiyeyuka unakuwa ujiuji.

Kutoa ubongo kunahitaji msumeno wa chuma, bisibisi pana, mkasi mdogo wenye ncha, kijiko cha chai, glavu na miwani ya kukinga macho. Panga liache jikoni. Chuna ngozi na uondoe misuli ya kisogoni mpaka uone tundu kubwa la fuvu, pale uti unapoingilia. Kata mkato wa kwanza kukingama paji la uso, nyuma kidogo ya macho. Mikato miwili ya pembeni ianzie kwenye ncha za huo wa kwanza, ipite juu ya masikio na kuishia kwenye kingo za tundu kubwa. Kwenye paji la uso mfupa una tabaka mbili na uwazi wenye hewa katikati. Msumeno ukipenya tabaka la kwanza utaona shimo tupu, na wanafunzi wataanza kusema mbuzi huyu hana ubongo. Endelea taratibu mpaka tabaka la pili. Halafu ingiza bisibisi kwenye mkato na uizungushe. Ukiitumia kama mtaimbo, ncha yake itazama ndani ya ubongo.

Chini ya mfupa kuna utando mgumu. Ukate kwa mkasi, pamoja na ule unaoshuka kati ya nusu mbili za ubongo na ule unaotenganisha serebramu na serebelamu. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika, na ukisahaulika serebelamu hubaki ndani ya fuvu. Sasa geuza kichwa ili ubongo ushuke kwa uzito wake kwenye kiganja. Anza mbele: komba balbu mbili za kunusia kwa mpini wa kijiko, kisha kata neva za macho, na uendelee kurudi nyuma. Kila neva ikate karibu na mfupa ili mkia wake ubaki kwenye ubongo. Tezi ya pituitari imekaa kwenye kishimo chake sakafuni mwa fuvu, imefunikwa na utando. Ukivuta tu, itabaki hapo. Kata utando kuizunguka, kisha uinue taratibu.

Ubongo mbichi ni laini mno, huwezi kuukata ukapata sura safi. Lazima ukazwe kwa fomalini. Changanya mililita 100 za fomalini ya dukani, ile yenye formaldihaidi asilimia 37 hadi 40, na mililita 900 za maji, ongeza gramu 9 za chumvi. Ubongo mmoja wa mbuzi nauwekea lita mbili kwenye ndoo yenye mfuniko. Pitisha uzi chini ya mshipa wa damu unaopita katikati ya upande wa chini wa ubongo, ufunge kwenye kijiti kilichokingamishwa mdomoni mwa ndoo, ubongo uning'inie bila kugusa chini. Ukilala sakafuni mwa ndoo unabonyea upande mmoja na haurudi tena. Badilisha dawa siku chache za mwanzo damu inapoichafua, na uache wiki mbili kamili. Anayekata baada ya siku tatu hukuta nje pagumu na katikati pekundu, laini, penye harufu, kwa sababu fomalini husafiri polepole ndani ya nyama. Mvuke wake huwasha macho na koo, na formaldihaidi imethibitishwa kusababisha saratani. Kwa hiyo changanya nje ya jengo au penye madirisha wazi pande mbili, na usimwachie mwanafunzi kazi hiyo. Kabla ya somo suuza ubongo kwa maji usiku kucha. Fomalini iliyotumika usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Ipeleke ilipo maabara kubwa yenye utaratibu wa kuteketeza kemikali.

Somo nalianzia upande wa chini. Mikunjo ya juu inapendeza, lakini upande wa chini ndiko neva na mishipa ya damu inakoingilia, na huko ndiko daktari anakosomea dalili. Neva za macho zinakutana na kupishana mbele ya pituitari. Kwa binadamu karibu nusu ya nyuzi huvuka kwenda upande wa pili, ndiyo maana uvimbe wa tezi hiyo humnyima mtu kuona pembeni, kulia na kushoto. Nyuma kidogo zinatoka neva mbili nyembamba, zinazohesabiwa kuwa jozi ya tatu ya neva za ubongo. Aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, damu ikijikusanya ndani ya fuvu, ubongo husukumwa na kuibana neva hiyo, na mboni ya upande ule hutanuka. Anayemmulika majeruhi tochi machoni anaikagua neva hiyo. Endelea nyuma mpaka medula, inakosimamiwa pumzi na mapigo ya moyo. Kwa binadamu, mwisho wake wa chini ndipo njia za kuamrisha misuli zinapovuka, na kiharusi cha nusu ya kushoto hulegeza mkono na mguu wa kulia.

Kisha kata katikati, kwa kisu kirefu chenye makali, kwa mvuto mmoja. Ukikata kama unayesaga msumeno, kisu huacha mistari inayofanana na tabaka ambazo hazipo. Hapo utaona daraja jeupe linalounganisha nusu mbili, thalamasi (kituo cha kupitishia taarifa za hisia) chini yake, na serebelamu ambayo weupe wake umetawanyika kama matawi ya mti. Serebelamu ni ndogo kwa ukubwa, lakini kwa binadamu ina takriban asilimia 80 ya neuroni zote za ubongo, ambazo hukadiriwa kuwa bilioni 86.

Mahali ninapokawia zaidi ni kwenye njia ya maji. Binadamu mzima ana takriban mililita 150 za maji ya ubongo na uti wa mgongo kwa wakati mmoja, na hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku. Maji hayo hukaa kwenye vyumba vinne ndani ya ubongo: viwili vya pembeni, cha tatu katikati na cha nne nyuma. Fungua chumba cha pembeni, utakuta kitu cheusi chenye mikunjomikunjo. Wanafunzi hukidhania damu iliyoganda na kukivuta. Wazuie: hicho ndicho kinachotengeneza maji. Kisha mpe mmoja kipande cha uzi wa kuvulia samaki akipitishe kwenye mfereji mwembamba unaotoka chumba cha tatu kwenda cha nne. Mfereji huo ukiziba kwa mtoto, maji hujaa juu yake na kichwa hukua. Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliunganisha njia mbili: kutoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine, na kuunguza sehemu ya kile kinachoyatengeneza. Lengo lilikuwa kupunguza watoto wanaowekewa mpira wa kutoa maji, ambao ukiziba nyumba ikiwa mbali na hospitali unaweza kuua. Mwanafunzi mwenye ubongo uliokatwa katikati anaweza kuweka kidole mahali hapo penyewe, nyuma tu ya kikonyo cha pituitari.

Tofauti na binadamu zisemwe mapema. Ubongo wa mbuzi una kama gramu 100 na kidogo, wa binadamu gramu 1,300 hadi 1,400. Balbu za kunusia za mbuzi ni kubwa, ponsi yake (uvimbe ulio juu ya medula) ni nyembamba, na serebelamu imekaa nyuma badala ya kufunikwa na serebramu.

Uti wa mbuzi nao utumie kwa jambo moja tu: kuonyesha kwamba kijivu kiko ndani na cheupe nje, kinyume cha serebramu. Usiutumie kueleza mahali sindano ya kutoa maji mgongoni inapochomwa, kwa sababu wa mbuzi unafika mpaka kwenye mifupa ya nyonga. Kwa hilo chora mgongo wa binadamu. Uti wa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Kwa mtoto mchanga uti unashuka chini zaidi, kwa hiyo huchomwa chini zaidi. Hapo sindano inakutana na mizizi ya neva inayoelea kwenye maji. Wazazi wengi hukataa kipimo hiki mtoto anaposhukiwa homa ya uti wa mgongo, wakiamini kwamba sindano inachoma uti na kupoozesha. Mchoro huo wapeni wanafunzi waende nao nyumbani.