Tromboni tatu na mkono wa Melba Liston

Kundi lilikuwa la matarumbeta ya harusi, Dar es Salaam, na kazi ya Jumamosi ile ilikuwa moja: kuuweka sawa wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini. Mpiga kinanda alishapanga sehemu za wapuliza wote kwenye kompyuta yake: tarumbeta nne, saksafoni mbili, tromboni tatu. Kwenye spika ilisikika safi kabisa. Karatasi zilipogawiwa, tarumbeta zikaenda, saksafoni zikaenda, tromboni zikakwama kwenye mstari wa tano. Wakarudia, wakakwama palepale.

Mzee wa tromboni ya kwanza akailaza ala magotini. "Kijana, hii umeiandika kwa vidole. Sisi huku tunatumia mkono."

Karatasini kulikuwa na noti tatu zinazojirudia kwa kasi, tromboni zote pamoja: B♭ ya chini, B, kisha B♭ tena. Mpiga kinanda anazipata kwa vidole viwili vilivyo jirani. Kwenye tromboni ya kawaida (tenor), B♭ ile hupigwa slaidi, yaani mrija unaosogezwa kwa mkono, ikiwa imefungwa: nafasi ya 1 kati ya saba. B iliyo nusu toni juu yake iko nafasi ya 7, mkono umenyooka wote, kama sentimita 60 kutoka ulipokuwa. Slaidi hushusha sauti tu: kila nafasi unayoisogeza mbele, sauti inashuka nusu toni. Ukitaka kupanda kutoka B♭ lazima mdomo uruke hadi ngazi ya F (ngazi ni noti zinazotoka kwa mkazo mmoja wa mdomo, slaidi ikisogea), halafu mkono uiteremshe F hiyo nafasi sita mpaka uikute B. Polepole inawezekana. Kwa kasi ya kuingia ukumbini inatoka sauti ya kuteleza tu, na anayepiga juu ya pikapu atamgonga mwenzake kisogoni.

Kijana akauliza mbona kwenye rekodi za jazi wanafanya hayo yote. Swali zuri. Ndipo nikaiweka albamu ya Uhuru Afrika.

Rekodi hiyo ilifanyika New York, Novemba 1960, mwaka mmoja na zaidi kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake. Muziki ni wa mpiga piano Randy Weston, maneno ni ya mshairi Langston Hughes, na anayesema Kiswahili mle ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho Kucheza Blues. Ilipofika 1964 serikali ya makaburu ikaipiga marufuku Afrika Kusini. Vijana wa tarumbeta walikuwa wameanza kufungasha, lakini waliposikia Kiswahili kutoka studio ya Marekani ya mwaka ule wakarudi kukaa.

Mzee hakujali maneno. Alikuwa anasikiliza chini, kwenye tromboni. Mle kuna tarumbeta nne, Clark Terry na Freddie Hubbard miongoni mwao, na tromboni tatu: Slide Hampton, Jimmy Cleveland, Quentin Jackson. Juu ya hao kuna honi ya Kifaransa ya Julius Watkins, ambayo humchanganya kila anayejaribu kuzinakili sehemu kwa sikio, kwa kuwa sauti yake hukaa palepale tromboni zinapokaa. Dawa ni kupunguza mwendo hadi asilimia 70, kuandika kwanza sauti ya chini kabisa kisha kupanda, na kuiacha honi iwe ya mwisho.

"Nani kapanga vyombo?" Mzee akauliza.

Melba Liston. Na hapo maelezo yakawa marefu, maana aliyeyapanga yale hakuwa mpiga kinanda aliyejifunza tromboni kwenye kitabu. Alikuwa mpiga tromboni.

Alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926, na akaanza tromboni akiwa na miaka 7. Mkono wa mtoto wa umri huo haufiki nafasi ya 7. Yeye alikuwa akigeuza kichwa pembeni ili bega lisogee mbele. Walimu wengi wa kwetu wakimwona mtoto wa hivyo humpa tarumbeta na kumaliza habari. Si lazima. Asiyefika nafasi ya 6 na ya 7 anakosa noti nne tu: E na F za chini kabisa, na B na C zilizo juu kidogo ya B♭ ya chini. Nyingine zote kuanzia hapo zina njia ya karibu zaidi: F ya katikati inapatikana nafasi ya 1, E nafasi ya 2. Mwandikie mazoezi yanayokwepa hizo nne, mkono utarefuka wenyewe.

Akiwa bado mtoto alihamia Los Angeles, na alipokua akapiga kwenye bendi ya jumba la maonyesho la Lincoln, kisha bendi kubwa ya Gerald Wilson. Mwaka 1947 alirekodi na mpiga saksafoni Dexter Gordon. Baadaye akaingia kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, na mwaka 1949 akasafiri kusini mwa Marekani na mwimbaji Billie Holiday. Safari ile ilikuwa mbaya, watu hawakuja, na ikamtoa kwenye ala kwa miaka kadhaa. Alifanya kazi kwenye bodi ya elimu ya Los Angeles na kuonekana kidogo kwenye filamu. Mpiga tromboni wa kiwango kile akikaa ofisini, fikiria. Midomo ya mpulizaji ikikaa wiki mbili bila kazi noti za juu zinaondoka. Ikikaa miaka, unaanza upya na sauti ndefu za taratibu kila asubuhi.

Gillespie ndiye aliyemtoa huko, akamwita New York kwa ziara za mwaka 1956 zilizolipiwa na serikali ya Marekani. Wanaume wa bendi walinung'unika, kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa, eti kwa nini kutafutwe mwanamke mpiga tromboni mpaka California. Gillespie akamwambia agawe karatasi zake. Wakaanza kupiga, wakaanguka kwenye vipimo vya mwanzo tu. Manung'uniko yakaisha.

Mzee alicheka sana hapo, akamtazama kijana wa kinanda. "Wewe umetuangusha mstari wa tano. Bado unajifunza."

Tofauti ni kwamba karatasi za Liston zilikuwa ngumu lakini zinapigika. Alipotengeneza albamu yake mwenyewe iliyotoka 1959, yenye tromboni tupu mbele, aliwaita akina Bennie Green, Al Grey, Benny Powell, Frank Rehak, pamoja na Cleveland na Hampton. Huwezi kuwapa watu wa aina hiyo noti ya nafasi ya 7 katikati ya kasi halafu ukabaki na heshima.

Tukarudi kwenye mstari wa tano. Mwenye tromboni yenye valvu ya F, ile inayoongeza urefu wa mrija, angeipiga vilevile ilivyoandikwa: B♭ nafasi ya 1, kisha kidole gumba kinabonyeza na B inatokea nafasi ya 2. Hapakuwa na ala ya hivyo pale. Kwa hiyo noti zikapandishwa oktavu moja. Huko juu B iko nafasi ya 4, na B♭ ina nafasi mbili, ya 1 na ya 5. Ukiipiga ya 5, mkono unakwenda 5, 4, 5, kama sentimita 10 tu, mdomo haubadiliki. Mambo mawili ya kuangalia. Noti za ngazi ile huwa chini kidogo kiasili, kwa hiyo 5 na 4 zote zivutwe ndani kidogo. Na kwa kuwa mdomo haubadiliki, kila noti iguswe kwa ulimi laini. Bila ulimi inakuwa mteremko mmoja, kama mtu anayepiga miayo.

Mzee akachukua penseli akaongeza sauti mbili: D kwa tromboni ya kwanza, G kwa ya tatu. D kwenda E♭ ni nafasi ya 4 kwenda 3. G kwenda A♭ ni 4 kwenda 3 vilevile. Mikono yote mitatu ikawa inaingia pamoja na kutoka pamoja.

Bahati G ilimwangukia binti wa tromboni ya tatu, maana slaidi yake ilikuwa inakwama karibu na nafasi ya 5. Tuliifungua. Ndani kulikuwa na mafuta ya cherehani yaliyoshikana na vumbi la barabara, ugonjwa wa kila anayepiga juu ya gari. Tukaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo (maji ya moto yanababua rangi ya ala), tukapitisha kitambaa kwenye mirija, krimu kidogo kwenye ncha nene za mirija ya ndani, maji ya kupuliza juu yake. Kisha kipimo: simamisha slaidi wima, legeza kufuli, mrija wa nje ushuke wenyewe hadi chini huku mkono ukiusubiri. Ulishuka, ukasita palepale karibu na 5. Hilo ni bonyeo, si uchafu, na bonyeo la slaidi haligongwi nyumbani kwa nyundo. "Usiisukume kwa nguvu, binti," Mzee akamwambia, "itakula mrija wa ndani." Wimbo wote ukaangaliwa upya ili sehemu yake isipite 4.

Kijana wa kinanda alikuwa amenyamaza muda mrefu, akidhani kompyuta yake ndiyo iliyoshtakiwa. Haikuwa hivyo. Liston alifundisha Jamaika miaka ya 1970, akarudi Marekani mwaka 1979 na kuongoza kundi lake, na mwaka 1985 kiharusi kikamzuia kupiga. Aliendelea kupanga muziki kwa kompyuta, na rekodi alizompangia Weston katika miaka ya 1990 zilitoka namna hiyo. Alifariki Los Angeles, Aprili 1999.

Kijana akaomba penseli. Pembeni mwa karatasi akachora nafasi saba, noti za kila moja chini yake, Mzee akimsahihisha. B na C za chini akazizungushia duara, na kando yake akaandika kwamba baada ya B♭ ya chini zisiwekwe bila pumziko.