Jicho la ng'ombe kwenye gati namba 15

Nikiwa kidato cha tatu niliweza kuchora jicho bila kutazama kitabu. Konea mbele, lenzi katikati, retina nyuma, mishale imenyooka, alama zote zangu. Na baba yangu alikuwa na bucha palepale Tanga. Vichwa vya ng'ombe vilipangwa sakafuni kila asubuhi, macho bado yamo, nami nikavipita na mkoba wangu kwenda kujifunza jicho ubaoni. Hakuna aliyewaza kuvikutanisha vitu hivyo viwili. Si mwalimu, si mimi, na baba alikuwa na wateja wa kuhudumia.

Vilikuja kukutana Jumamosi iliyopita, huku ugenini. Nilimpeleka binti yangu wa miaka 8 Exploratorium, jumba la sayansi la San Francisco. Kutoka Oakland tulipanda treni ya BART, ile inayopita chini ya ghuba, tukashuka Embarcadero na kutembea kando ya maji hadi gati namba 15. Tiketi zake zinauma, kwa hiyo niliingia na nia ya kukaa mpaka tufukuzwe.

Ndani ni kelele tupu, na vitu vimewekwa ili vishikwe. Kuna ukuta ambao taa ikimulika ukiwa umeruka, kivuli chako kinabaki hewani wakati wewe umeshatua. Kuna chumba kilichojengwa kwa upogo: mtu akitoka pembe hii kwenda ile anageuka jitu. Kuna pia choo cha kukaa, cheupe, hakijawahi kutumiwa, kilichogeuzwa bomba la maji ya kunywa. Maji ni safi, unajua ni safi, na koo linakataa. Binti yangu aliinama akanywa. Mimi nikasema sina kiu.

Halafu tukafika kwenye meza ya macho ya ng'ombe.

Kijana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa akipasua jicho huku akijibu maswali, na watu wazima wakijisogeza nyuma ya watoto wao. Alikata mafuta na misuli, akatoboa konea, maji kidogo yakatoka. Akalifungua katikati, ute mzito ukateleza nje. Lenzi akaiweka juu ya kipande cha gazeti, na herufi chini yake zikawa kubwa. Retina ilikuwa utando mwembamba uliokunjamana, umeshika nyuma sehemu moja tu, pale mshipa wa fahamu unapotokea. Hapo ndipo penye doa pofu. Nililiandika jina hilo mara ngapi, na kumbe ni mahali unapoweza kupagusa kwa kidole!

Alipousogeza utando pembeni, chini yake pakang'aa buluu na kijani. "Mama, ina rangi ya bahari!" Kijana akaeleza kwamba tabaka hilo hurudisha mwanga uliopenya retina, ili jicho lipate nafasi ya pili ya kuunasa, linamsaidia ng'ombe gizani, na sisi hatuna. Nikakumbuka basi za usiku njia ya Segera, taa zinapowapiga ng'ombe kando ya barabara na unachoona ni macho tu yakiwaka. Jambo hilo halikuwemo kwenye mchoro wangu, kwa sababu mchoro ulikuwa wa jicho la mtu.

Mwanzilishi wa jumba hili naye alifuga ng'ombe. Frank Oppenheimer, mwanafizikia, mdogo wake Robert wa bomu la atomiki, alipoteza kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 baada ya kukiri kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Akahamia Colorado kufuga. Baadaye akafundisha sekondari ya mji mdogo huko, na vifaa vya fizikia akawa anaviokota na wanafunzi wake jalalani. Exploratorium aliifungua mwaka 1969. Ikahamia gatini mwaka 2013, yeye akiwa ameshafariki.

Sitaki kusema mchoro wa ubaoni haukufaa kitu. Pale mezani mimi ndiye niliyetambua kila kilichotoka kabla hakijatajwa, na nilijisikia fahari ya kitoto. Binti yangu hakujua jina hata moja, ila alijua lenzi ni ngumu kiasi gani ukiibonyeza. Kinachonikera ni kwamba sisi tungeweza kuwa na vyote viwili. Haikuhitaji gati wala tiketi. Ilihitaji mtu mmoja aje bucha na ndoo.

Usiku tulimpigia babu yake Tanga, kwake ilikuwa asubuhi. Binti akamsimulia kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, akamwuliza macho ya ng'ombe wake huwa anayapeleka wapi.

"Paka, mjukuu wangu."

"Babu, usiwape tena!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akauliza nyama ya yule ng'ombe wa Marekani waliifanyia nini. Wakapatana: Desemba tukienda, atamchukua alfajiri machinjioni akachague mwenyewe. Mimi sijakubali bado, ila nimeona jana ameshauweka wembe wangu wa kufumulia nguo kwenye begi lake, na nimeutoa.