Mpe kigeu aina yake

Wenzangu wa XSLT (lugha ya kubadilisha data za XML), leo hapa Lamu nimeshinda na faili la bei za vyumba vya wageni, Shela. Chumba cha 9500 kinahesabiwa ghali kuliko cha 12000! Bila skima (maelezo ya aina za data), XSLT 2.0 ikilinganisha thamani mbili zilizotoka kwenye XML huzisoma kama maandishi, herufi kwa herufi, na 9 inaipita 1. Kuongeza tu as="xs:integer" (yaani namba kamili) kwenye vigeu (majina yanayobeba thamani) vya bei, mambo yakanyooka. Parameta ya tarehe ya kuingia nayo nikaipa xs:date. Sasa bei ikikosekana programu inagoma palepale, na inavyogoma napenda mno (ukitaka iwe mpole, weka xs:integer? pamoja na hiyo alama ya kuuliza, inayoruhusu thamani ikosekane). Toleo la 1.0 la mwaka 1999 halina as kabisa. Mlio huko bado, poleni.